Mashine ya Kukatia Majani: Ya Petroli au ya Umeme?



Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huku Ohio mgeni hapewi jembe. Hupewa mashine ya kukatia majani, naye huisukuma kila juma tangu Aprili hadi Oktoba, apende asipende. Kwa kuwa familia kadhaa miongoni mwetu zimehamia nyumba zenye uwanja, na maswali yamekuwa mengi, tumeonelea tulizungumze jambo hili katika toleo hili.

Kwetu uwanja safi ni ule uliofagiwa mpaka udongo ukaonyesha mistari ya ufagio. Majani yakikaribia mlango ni maficho ya nyoka. Ama fyekeo, sisi tuliokuwa walimu tuliwapa watoro na wachelewaji, likawa adhabu. Huku mambo yamegeuka: udongo mtupu ni dalili ya uzembe, na majani marefu ni kosa la kisheria. Miji mingi ya Marekani imeweka kikomo, aghalabu kati ya inchi 6 na 12. Yakizidi hapo mwenye nyumba huandikiwa barua. Asipokata katika siku alizopewa, mji huweza kutuma watu wakate, kisha yeye akadaiwa gharama.

Hayo hatukuyasoma vitabuni. Mwaka wetu wa kwanza tulinunua mashine kuukuu ya petroli kwa dola 40, tukajisifu kwa kupata cha bei nafuu. Oktoba tuliisukuma ndani ya banda la gari, petroli ikiwa tangini, tukaisahau. Aprili tulivuta kamba ya kuwashia mpaka bega likauma. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Mvua za Mei zikaja, majani yakafika magotini. Barua ya mji ilipoletwa tuliichanganya na karatasi za matangazo, hatukuifungua. Siku moja tulirudi tukakuta uwanja umenyolewa, na baadaye ikafuata bili ya dola 180. Lakini kilichotuuma zaidi si fedha. Jirani yetu, mzee wa Kimarekani ambaye hakuwa amepata kugonga mlango wetu, alikuja kuuliza kama tuna mgonjwa ndani. Hapo tulifahamu kwamba huku majani ndiyo yanayotoa habari za nyumba.

Tuje sasa kwenye uchaguzi wenyewe. Kwanza tahadhari ya lugha: Wamarekani wanaposema mashine ya "gesi" wanakusudia petroli, si gesi ya kupikia. Basi mashine za kusukuma zenye mota au injini ni za namna tatu.

Ya petroli ina nguvu. Majani marefu na mazito haiyaogopi, na mafuta yakiisha huongezwa, kazi ikaendelea. Lakini yataka matunzo: oili ibadilishwe, chujio la hewa lisafishwe, plagi itazamwe. Adui yake mkubwa ni petroli iliyolala. Petroli ya huku kwa kawaida ina ethanoli asilimia 10; baada ya mwezi mmoja hivi huanza kuharibika, na mabaki yake huziba kabureta. Ndiyo yaliyotufika sisi. Kabla ya majira ya baridi, ama iache injini, ikiwa nje, iwake mpaka petroli imalizike, ama tia dawa ya kuihifadhi. Petroli yenye ethanoli asilimia 15 isitiwe kabisa.

Ya umeme wa waya ndiyo nyepesi, na aghalabu ndiyo ya bei ndogo. Yafaa uwanja mdogo usio na miti. Nunua waya wa kurefushia ulio mnene, uliotengenezwa kwa matumizi ya nje. Anzia karibu na soketi ukisonga mbali nayo, ili waya ubaki nyuma yako. Majani yakiwa na maji, isitumike.

Ya betri huwashwa kwa kitufe, na kelele yake ni ndogo. Hilo si jambo dogo kwetu, ambao wengi hufanya kazi zamu ya usiku na hupata nafasi ya kukata asubuhi mapema ya Jumamosi. Lakini msidanganywe na volti peke yake. Zidisha volti kwa saa za ampea zilizoandikwa juu ya betri: volti 56 mara 5 ni 280, volti 40 mara 4 ni 160 tu. Betri ya 280 hufanya kazi kama nusu saa hadi dakika 45 majani yakiwa makavu, yaani takriban robo eka. Majani yakiwa marefu, muda huo hupungua sana.

Tufanye hesabu kidogo. Uwanja wa kiasi hicho ukila robo galoni ya petroli kila juma, na galoni ikiwa dola 3, kwa majuma 28 ni dola 21. Umeme wa kuchaji betri muda huohuo haufiki dola 3. Tofauti ni dola 18 hivi kwa mwaka, ilhali betri mpya huweza kufika dola 200 au zaidi. Basi asikuambie mtu kwamba betri hununuliwa kwa ajili ya kuokoa petroli. Hununuliwa kwa utulivu, kwa wepesi, na kwa kuepuka kabureta. Kabla ya kulipa, uliza dhamana ya betri ni miaka mingapi.

Rai yetu ni hii. Pima uwanja kwa hatua, urefu mara upana, ukitoa nyumba. Usiozidi robo eka, yaani mita za mraba 1,000 hivi, chukua ya betri. Ukiwa mdogo kabisa, ya waya yatosha. Ukikaribia nusu eka, au ukijijua kwamba hukati kila juma, petroli bado ina nafasi yake. Na aliyepanga nyumba asome mkataba kwanza: huenda kazi hiyo ni ya mwenye nyumba.

Yoyote utakayochagua, kisu ni kisu. Tangu mwaka 1982 mashine mpya za kusukuma zinazouzwa Marekani hulazimika kusimamisha kisu katika sekunde 3 baada ya kuachia mpini. Usiufunge mpini kwa kamba kama tulivyoona wengine wakifanya. Mtoto wa chini ya miaka 12 asiisukume, na wadogo wakae ndani. Vaa viatu vya kufunika vidole, si ndara. Petroli isimiminwe injini ikiwa ya moto, wala isiwashwe ndani ya banda, kwa maana moshi wake huua. Betri isichajiwe mahali penye barafu.

Mwisho, si lazima kila nyumba iwe na mashine yake. Familia tatu zinazokaa mtaa mmoja zaweza kununua moja kwa ujima na kupeana zamu. Yetu ya sasa ni ya betri, na imo bandani. Mwenye haja asione haya kuja kuiazima kabla barua ya mji haijamfikia.