Je, Wajua? Msitu wa Baharini Husomwa kwa Kuzamia

Kelpi ni mwani mkubwa wa rangi ya kahawia uotao katika bahari zenye maji baridi, na ule mrefu kuliko wote, unaopatikana pia katika Ghuba ya Monterey huko California, huweza kurefuka takribani nusu mita kwa siku moja, ukiung'ang'ania mwamba kwa kishikizo kinachofanana na mizizi ingawa hakinyonyi chakula, huku vifuko vilivyojaa hewa vikiuinua hadi juu ya maji. Picha za setilaiti huonyesha kilele tu cha msitu wa kelpi. Kwa hiyo mwanasayansi kijana sharti ajifunze uzamiaji wa kisayansi, ambao nchini Marekani umewekewa kiwango cha saa 100 za mafunzo na angalau mizamio 12 chini ya uangalizi, ndipo atandaze kamba ya vipimo sakafuni mwa bahari na kuhesabu samaki, mashina ya kelpi na urchini, yaani wanyama wa mviringo wenye miiba mwili mzima.

Kazi hiyo ya kuhesabu, ngumu na ya thamani kubwa, imesaidia kufichua msiba ulioikumba misitu ya kelpi. Mwaka 2013 maradhi yalianza kuangamiza aina ya kiti cha pweza mwenye mikono mingi, ambaye huwala urchini. Kisha joto lisilo la kawaida la bahari, kuanzia 2014 hadi 2016, likaidhoofisha kelpi, na urchini waliokosa adui wakaitafuna iliyosalia. Kaskazini mwa California, zaidi ya asilimia 90 ya misitu hiyo ilitoweka.