Kasi Pekee Haichezeshi Watu

Chini ya kilima cha Makerere, mjini Kampala, mtaa wa Wandegeya haulali mapema. Wanafunzi, wachuuzi na wenye harusi wote huhitaji muziki, na kijana apigaye santuri huweza kujipatia riziki. Lakini kosa moja humharibia: kupiga nyimbo za kasi tangu mwanzo hadi mwisho. Punde wazee wamekwishaketi, vijana wamechoka, na uwanja ni mtupu.

Fundi huanza na hesabu. Huhesabu mapigo ya wimbo kwa sekunde 15, akazidisha mara 4. Mashine ya santuri ya Technics SL-1200MK2, iliyotoka mwaka 1979, ilikuwa na kitelezo cha kuongeza au kupunguza mwendo kwa asilimia 8. Basi wimbo wa mapigo 100 kwa dakika huweza kufikishwa 108, ukaungana na mwenziwe pasipo dansi kukatika. Kufika 125 hauwezi; hapo hutafutwa nyimbo za katikati ziwe ngazi.

Rumba ya Kongo nayo husaidia, kwani mara nyingi huanza polepole ikaishia kwa sebene ya haraka. Humpandisha mchezaji bila kumshtua. Sebene ikiisha, upigwe wimbo wa taratibu, babu na bibi wapate kurudi uwanjani.

Askari ayajua haya gwarideni: mwendo wa pole una heshima yake, na mwendo wa haraka una yake. Ngoma hubadilika, hatua haipotei. Mpiga santuri aitwaye tena ni yule aliyewachezesha wote.