Umeme ukikatika: jinsi ya kuzuia tangi la samaki lisifurike

Samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, wanaouzwa nje kutoka nchi zinazolizunguka, huhifadhiwa kwenye matangi wakisubiri ndege. Mzigo huo unaweza kupotea usiku mmoja umeme ukikatika, iwapo mfumo wa maji haukupangwa vizuri.

Maji yanayozidi kwenye tangi la juu hushuka kwa bomba hadi tangi la chini lenye chujio, kisha pampu huyarudisha. Pampu ikizimika, maji huendelea kushuka hadi yafikie usawa wa mdomo wa bomba. Tangi la urefu wa sentimita 200 na upana wa 60 likipungua sentimita 3 tu, hizo ni lita 36. Tangi la chini lazima liwe na nafasi ya maji hayo, pamoja na yaliyomo mabombani.

Bomba la kurudishia nalo huweza kuvuta maji kinyume, kama mpira wa kunyonyea mafuta. Weka mdomo wake karibu na uso wa maji ili livute hewa mapema.

Kifaa cha kunyonya maji bila kutoboa tangi ni nafuu, lakini kikiingia hewa, umeme ukirudi pampu hufurisha tangi la juu, kisha huungua kwa kukosa maji. Ni salama zaidi kutoboa na kuweka mabomba mawili. La pili, la dharura, liwe juu kidogo. La kwanza likiziba, hilo litaokoa mzigo.

Kabla ya kuingiza samaki, zima pampu uone. Tangi la chini likifurika, punguza maji, ujaribu tena.