Hamu ya Udongo na Upungufu wa Damu

Kina mama wa Gazi wanaijua harufu ya ukuta wa udongo mvua ikianza. Mwenye mimba hubandua kipande akatafuna kwa siri. Mwingine hununua yale mawe ya odowa sokoni, mwingine ni mchele mbichi au barafu kutwa nzima. Akionekana huchekwa, ama huambiwa ana shetani. Basi akifika kliniki hasemi, na muuguzi hawezi kulijua asiloambiwa.

Jambo hili si geni pwani. Safura, ugonjwa wa minyoo wanaomaliza damu, zamani lilikuwa pia jina la maradhi ya kula udongo huko Unguja. David Livingstone aliliandika hivyo katika shajara zake mwaka 1870. Kule Kilifi walichunguzwa wajawazito 275, matokeo yakachapishwa 1998: 154 kati yao walikula udongo mara kwa mara, hasa wa kuta za nyumba. Hao ndio waliozidi kuwa na upungufu wa damu, na akiba yao ya madini ya chuma ilikuwa ndogo. Kisiwani Pemba nako, uchunguzi wa 2010 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya wajawazito wakila wanga mbichi, mchele ukiwemo.

Chuma ndicho kinachoipa damu wekundu wake na nguvu ya kubeba hewa. Mtoto tumboni anakihitaji, na huku malaria, safura na kichocho vinazidi kumpunguzia mama damu. Sasa, udongo mwekundu unadanganya. Chuma kimo, lakini mwili haukipati kwa urahisi, na udongo wa mfinyanzi unaweza kukamata hata kile cha kwenye chakula. Tena huenda una mayai ya minyoo. Mama anayejifungua akiwa na damu kidogo, akitokwa na damu nyingi, maisha yake yako hatarini.

Kwa hiyo ukiwa na hamu hiyo, mwambie muuguzi waziwazi, upimwe damu. Si kila mwenye hamu ana upungufu, ila kipimo ndicho kitakachosema. Tembe za chuma hutolewa bure kwa wajawazito katika vituo vya serikali. Zikikuchafua roho, meza pamoja na chakula. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni hizo tembe. Dawa ya minyoo usijinunulie dukani, maana miezi mitatu ya kwanza ya mimba haitolewi.

Chakula cha kusaidia kipo hapahapa: dagaa, samaki, chaza wa kwenye mikoko, kunde na majani yake. Kamulia ndimu. Chai isubiri saa nzima hivi, kwani inazuia chuma kuingia mwilini. (Najua hili ni gumu kwetu wapenda chai!)

Kwenye mkutano wa kikundi, jambo hili lizungumzwe bila kumtaja mtu. Mama akianza tembe, hamu ya barafu mara nyingi hupungua mapema. Ya udongo huenda ikachelewa, maana imekwisha kuwa mazoea, na kwa hilo asikaripiwe.