Chombo cha muziki huchaguliwa kwa sikio, si kwa jicho

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Msemo huu una hekima yake, kwani wapo watu ambao hupoteza msimu mzima wakilinganisha mipini ilhali wenzao wamekwisha kupanda na kupalilia. Hata hivyo, wahenga hao hawakusema kwamba mkulima anunue jembe akiwa amefumba macho. Jembe butu huvunja mgongo, na fedha iliyolinunua hairudi.

Katika makala haya nakusudia kuzungumzia chombo ambacho walimu na wanafunzi wetu wengi hukinunua kwa kukitazama tu, bila ya kukisikiliza. Chombo chenyewe ni kicheza muziki cha kutiwa mfukoni, kile ambacho mtu hukisikiliza akiwa ndani ya matatu asubuhi, na usiku akiwa amejilaza kitandani. Huenda msomaji akauliza ni kwa nini jambo dogo kama hili lichukue nafasi gazetini. Jibu ni kwamba hapa kuna mambo mawili ambayo si madogo hata kidogo. La kwanza ni akiba ya mtu wa kipato cha chini, na la pili ni masikio ya vijana wetu.

Historia ya chombo hiki si ndefu. Kaseti ililetwa ulimwenguni na kampuni ya Philips mwaka 1963. Mnamo Julai 1979 kampuni ya Sony ya Japani ikaanza kuuza Walkman, kicheza kaseti kidogo kisichokuwa na kipaza sauti, kilichomwezesha mtu kutembea na muziki wake bila ya kumsumbua jirani. Mwaka 1995 wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani waliupa jina la MP3 mtindo wao wa kubana sauti ili ichukue nafasi ndogo katika tarakilishi, na mwaka 2001 Apple ikatoa iPod. Walkman ya kaseti iliacha kuuzwa Japani mwaka 2010, nayo iPod ikatangaziwa mwisho wake mwaka 2022. Mtu angedhani kwamba simu ya rununu imeviua na kuvizika vyombo vyote vya aina hii. La hasha! Vicheza muziki vidogo vya bei nafuu vingali vinaundwa, na vingali vinapatikana katika maduka ya vifaa vya umeme kama yale ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi.

Najua fika kwamba wengi watapinga na kusema kuwa simu inatosha. Hoja yao ina uzito, na aliye na simu nzuri yenye betri imara hana haja ya kujitwisha gharama nyingine. Lakini hebu tutafakari hali ilivyo. Simu ndiyo pochi yetu ya pesa, ndiyo barua yetu, na ndiyo njia ya kumwita jamaa wakati wa dharura. Betri yake ikimalizwa na nyimbo kabla ya jioni, mwenyewe hubaki amekwama kituoni bila hata nauli. Isitoshe, anayeitoa simu ya thamani kila dakika karibu na dirisha la matatu huwa anamwalika mnyakuzi. Tena simu haimwachi mtu asikilize kitu kimoja akakimaliza. Mwanafunzi aliyekusudia kusikiliza wimbo mmoja kabla ya kulala hujikuta saa moja baadaye akisoma porojo za watu asiowajua. Kicheza muziki hakina ujumbe wala picha za kumvuta. Hucheza wimbo, kisha hunyamaza.

Sisemi kwamba mwanafunzi wa bweni akinunue na kukificha chini ya godoro. Kila shule ina kanuni zake kuhusu vyombo vya umeme, na kanuni hizo sharti zifuatwe. Nazungumza na mwanafunzi wa kutwa, na wa chuo, na mwalimu ambaye safari yake ya kwenda kazini na kurudi humla saa mbili kila siku.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Kosa kubwa ambalo wanunuzi hulifanya ni kudhani kwamba chombo kifaacho ndani ya matatu ndicho kifaacho chumbani. Mahali hapa pawili hapalingani. Ndani ya matatu adui wa msikilizaji ni kelele: injini inanguruma, utingo anaita abiria, na mara nyingi gari lenyewe lina muziki wake. Chumbani adui ni kimya, kwa sababu kimya hufichua kila kasoro ya chombo. Vicheza muziki vingi vya bei ya chini hutoa mvumo mwembamba kama wa mafuta yanayokaangwa kwa mbali. Barabarani mvumo huo hausikiki kabisa, lakini usiku wa manane humkera mtu mpaka akakitupa chombo pembeni.

Kwa hivyo, unapokijaribu chombo dukani, usiridhike na kusikiliza wimbo wenye ngoma nyingi. Sogea mahali palipo na utulivu, anzisha wimbo, kisha usimamishe na utege sikio. Ukisikia mvumo mkubwa, kirudishe. Halafu punguza sauti hadi kiwango cha chini kabisa kabla ya kuzimika. Vipo vyombo ambavyo kiwango chake cha kwanza tayari ni kikubwa mno kwa mtu anayetaka kulala, na hapana namna ya kukipunguza zaidi. Majaribio haya mawili hayachukui hata dakika tano, wala hayahitaji utaalamu wowote.

Jambo la pili ni nafasi ya kuhifadhia nyimbo, na hapa hesabu ya shule ya msingi itatufaa. Wimbo wa dakika nne uliobanwa kwa mtindo wa MP3 katika kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 4. Ukibanwa kwa kilobiti 320, ambacho ndicho kiwango cha juu cha mtindo huo, huchukua karibu megabaiti 10. Hivyo basi, chombo chenye gigabaiti 8 hubeba nyimbo zipatazo 2,000 za kiwango cha kwanza, au 800 za kiwango cha pili. Anayesikiliza saa mbili kwa siku hutumia nyimbo 30. Nyimbo 2,000 zitamtosha kwa zaidi ya miezi miwili bila ya kurudia hata mmoja! Kuna haja gani, basi, ya kulipia gigabaiti 128? Afadhali chombo chenye nafasi ndogo na kitundu cha kuongezea kadi ya kumbukumbu, ili mtu aongeze kadiri mahitaji yake yanavyokua.

Lakini kadi nazo zina ulaghai wake. Zipo zinazoandikwa ukubwa ambao hazina. Mnunuzi hujaza nyimbo, na zikipita kiasi fulani, za mwanzo huharibika au hutoweka. Dawa yake ni kuijaza kadi mpya kabisa siku ile ile ya kuinunua, kisha kuzisikiliza nyimbo za mwanzo na za mwisho kabla risiti haijapotea. Muuzaji anayekataa kutoa risiti amekwisha kukueleza jambo la maana kuhusu bidhaa zake.

La tatu ni betri. Muda unaoandikwa kwenye kasha hupimwa katika hali bora: kioo kimezimwa, sauti ni ya wastani, na iafoni ni za waya. Anayetumia iafoni zisizo na waya kwa njia ya Bluetooth asitarajie kuufikia muda huo. Msafiri wa saa mbili kwa siku hutumia saa kumi kwa juma la siku tano. Chombo kinachotoa saa kumi na tano za kweli kinamtosha, akikichaji kila Jumapili. Aangalie pia kama kinatumia waya wa chaja unaofanana na wa simu yake, ili asilazimike kununua na kutunza waya mwingine.

La nne, na ambalo wengi hulisahau, ni iafoni zenyewe. Mtu hutumia fedha zake zote kununua chombo, kisha akasikilizia vijiwaya vilivyokuja ndani ya kasha. Hilo ni sawa na kununua suti mpya na kuivalia viatu vilivyotoboka. Ushauri wangu ni kwamba aliye na fedha kidogo azigawe sawasawa, nusu kwa chombo na nusu kwa iafoni. Za kutumia ndani ya matatu ziwe ni zile zenye kifuniko laini cha mpira kinachoziba tundu la sikio, kwani hizo huzuia kelele za nje na kumwezesha msikilizaji kupunguza sauti. Chumbani, ambako hakuna kelele za kuzuia, hata zile nyepesi zinazokaa juu ya sikio zinatosha.

Kwa anayependa redio, lipo jambo jingine la kukumbuka. Vicheza muziki vingi hunasa mawimbi ya FM, na waya wa iafoni ndio unaotumika kama eriali. Anayetumia iafoni zisizo na waya huenda akaikosa redio. Waya wa kawaida, ambao vijana wengine huuonea haya, kumbe una faida yake!

Walimu wa Kiswahili wana sababu zaidi ya kukipenda chombo hiki. Baadhi ya vicheza muziki hunasa sauti pia. Mwalimu wa fasihi simulizi anaweza kuwatuma wanafunzi wake wakamrekodi nyanya akitamba ngano, au mzee wa kijiji akieleza maana ya jina la mlima, kisha darasa zima likasikiliza. Somo la kusikiliza na kuzungumza, ambalo katika shule nyingi hufundishwa kwa kusomewa tu, litapata uhai. Anayenunua chombo kwa nia hii aulize kama kina maikrofoni, na aijaribu papo hapo.

Nimeliweka mwisho jambo lililo zito kuliko yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 wamo katika hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya mazoea mabaya ya kusikiliza sauti kubwa. Kwa mujibu wa shirika hilo, mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma bila ya kujidhuru. Ikifika desibeli 90, muda huo hupungua hadi saa 4 tu kwa juma. Ikifika 100, ni kama dakika 20. Tazama jinsi hesabu hii isivyo na huruma: kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda wa usalama hukatwa nusu. Kijana anayepandisha sauti ya iafoni ili ishinde muziki wa matatu huenda akamaliza kiasi chake cha juma zima kabla ya kufika mjini Jumatatu asubuhi.

Chembechembe laini zilizo ndani ya sikio la binadamu, ambazo ndizo zinazoipokea sauti, zikifa hazioti tena. Hakuna tembe wala upasuaji wa kuzirudisha. Uharibifu wenyewe hauji kwa kishindo. Huanza kwa mlio mdogo masikioni usiku, na baadaye mtu huanza kuwaomba wenzake warudie walichosema. Mwanafunzi wa nyuma darasani anayedhaniwa kuwa mzembe huenda hamsikii mwalimu wake. Ndiyo maana nasisitiza kwamba chombo chenye uwezo wa kuwekewa kikomo cha sauti ni bora kuliko chenye kioo cha rangi na mataa ya kumetameta. Mzazi anayemnunulia mtoto na akiweke kikomo hicho kabla ya kukitoa zawadi. Na yeyote anayevuka barabara avue iafoni kwanza, kwani gari halingoji wimbo umalizike.

Kwa kuhitimisha, natoa rai kwa maafisa wanaosimamia usafiri na mazingira. Kanuni za kudhibiti kelele zilitolewa nchini mwaka 2009, nazo hazikutolewa ili zipambe makabati. Iwapo muziki wa matatu ungepunguzwa ukawa wa kiasi, abiria hangelazimika kujikinga kwa kelele nyingine iliyo kali zaidi. Kwa sasa, hata hivyo, kila mmoja wetu ana masikio mawili tu ya kuyatunza. Ewe mwalimu, na ewe mwanafunzi, nenda dukani ukiwa umepiga hesabu ya nyimbo zako na saa zako za safari, usikilize kabla ya kulipa, na usione haya kumrudishia muuzaji kisichokufaa. Tusije tukawa wale ambao wahenga waliwasema kwamba sikio la kufa halisikii dawa.