Sapatu ya Manjano Iliyofichwa Yorkshire

Nyuki mdogo anatua ukingoni mwa ua la manjano, anateleza, anatumbukia ndani. Kuta zinateleza, na mdomo wa ua umekunjwa kwa ndani, kwa hiyo alipoingilia hapatokeki. Anahangaika. Kisha anaona mwanga kwa nyuma: vidirisha, sehemu nyembamba za petali zinazopitisha nuru, na chini yake vinyweleo anavyoweza kuvikanyaga kama ngazi. Anapanda. Njia inambana. Mgongo wake unasugua kwanza sehemu ya kike ya ua, na kama alibeba chavua ya ua jingine, inabaki hapo. Akijipenyeza kutoka, anapakwa chavua mpya inayonata. Nekta hakupata hata tone.

Ua hilo ni la okidi ya Ulaya iitwayo kitaalamu Cypripedium calceolus. Wajerumani huiita kiatu cha mwanamke, Wafaransa kiatu cha Venus, na ukiitazama huwezi kuwabishia: petali ya chini imetuna kama sapatu, na kando yake zinaning'inia tepe za rangi ya damu ya mzee. Huota penye mawe ya chokaa, katika misitu isiyofunga sana, kuanzia Ulaya hadi Siberia na kuendelea mashariki.

Uzuri huo ndio ulioiponza okidi hii nchini Uingereza. Watu waliichuma na kuing'oa wakaipande bustanini, mwaka baada ya mwaka, hadi mwaka 1917 ikatangazwa kuwa imetoweka nchini humo. Mwaka 1930 ukaonekana mmea mmoja tu, katika mabonde ya Yorkshire. Waliojua ulipo walifunga midomo. Baadaye wakawekwa walinzi msimu wa maua, mche mmoja ukilindwa kama hazina. Mimi naona walifanya sawa: siri ndiyo iliyouokoa.

Kwani okidi hii ukiing'oa, kuirudisha ni kazi ya miaka. Mbegu zake ni vumbi tupu, hazina akiba ya chakula. Mbegu ikidondoka udongoni haichipui mpaka ikutane na kuvu wa aina inayoifaa, aunganike nayo na kuilisha. Tangu hapo, miaka mingi hupita kabla ya ua la kwanza.

Wataalamu wa bustani ya Kew, London, walianza kazi hiyo miaka ya 1980. Maua yalichavushwa kwa mkono, mbegu zikachukuliwa kabla hazijakomaa na kuoteshwa ndani ya chupa, kwenye chakula walichozitengenezea. Miche ilianza kupelekwa porini mwaka 1989. Wa kwanza kuchanua ulichanua mwaka 2000, miaka kumi na mmoja ya kungoja.

Leo, ukifika hifadhi ya Gait Barrows, Lancashire, mwishoni mwa Mei, unaweza kuinama karibu na sapatu hizo ukazitazama kwa macho yako. Ule mmea mkongwe wa Yorkshire, hapana. Ulipo hapatajwi.