Pointi ya Aliyefungwa

Katika mashindano ya dunia ya hoki ya barafu ya vijana wa chini ya miaka 20, mechi haiishi kwa sare. Kila Desemba jambo hili huzua swali lilelile miongoni mwa wanaoyafuatilia kwa simu pale kivuko cha mpaka cha Grande Barrière, kati ya Gisenyi na Goma: timu iliyofungwa imepewaje pointi? Jibu linalopita foleni nzima ni kwamba mwenyeji amebebwa. Jibu hilo ni potofu, na lingekufa zamani kama watu wangejumlisha.

Mechi ya makundi ina pointi 3. Anayeshinda ndani ya dakika 60 huzibeba zote. Dakika hizo zikiisha timu zikiwa sawa, kila moja imeshapata pointi 1, na iliyobaki hugombewa: kwanza dakika 5 za nyongeza, watatu kwa watatu ukiacha makipa, bao la kwanza likimaliza mchezo, likikosekana, penalti. Pointi ya aliyefungwa, basi, ndiyo ileile ya sare ambayo shabiki wa kandanda anaijua tangu utotoni.

Mashindano ya Ottawa yanaonyesha wazi. Tarehe 27 Desemba 2024, Kanada, mwenyeji, ilikwenda sare ya 2-2 na Latvia hadi penalti. Kipa Linards Feldbergs alizuia kila mkwaju, Eriks Mateiko akafunga, Latvia ikashinda 3-2. Latvia pointi 2, Kanada 1. Kelele zikaanza. Lakini Marekani nayo ilipata pointi kama hiyo ilipofungwa 4-3 na Ufini, na Ujerumani ilipofungwa 4-3 na Latvia, zote katika muda wa nyongeza. Msimamo wa mwisho wa kundi: Marekani 10, Ufini 8, Kanada 7, Latvia 4, Ujerumani 1. Jumla ni 30, yaani mechi 10 mara pointi 3. Hakuna pointi iliyoongezwa popote, na huyo mwenyeji anayedaiwa kubebwa alimaliza wa tatu.

Kutoijua kanuni hii hula pesa pia. Kampuni nyingi za kubeti huhesabu 1, X na 2, yaani ushindi wa timu ya kwanza, sare au ushindi wa timu ya pili, kwa dakika 60 pekee. Aliyeiwekea Latvia ushindi kwa mkeka wa namna hiyo alipoteza, akaenda kugombana na karani bure. Kanuni iko kwenye masharti. Isomwe kabla ya kulipa.

Kuanzia robo fainali pointi hazipo. Ufini ilifungwa 4-3 na Marekani katika muda wa nyongeza wa fainali, 5 Januari 2025, ikaondoka na medali ya fedha.

Yaliyobaki ni mepesi. Herufi OT kando ya matokeo ni muda wa nyongeza, SO ni penalti. Saa ya Ottawa wakati huo wa mwaka huongezwa 7: mechi ya huko ya saa moja na nusu jioni huanza Gisenyi saa nane na nusu usiku, tarehe ikiwa imeshabadilika. Goma na Gisenyi zinafuata saa ileile. Kinshasa iko nyuma kwa saa 1, kwa hiyo ratiba ya redio ya huko isichukuliwe ilivyo. Karibu na mpaka, simu ichaguliwe mtandao kwa mkono, kwani ikinasa mnara wa ng'ambo salio la intaneti huisha kabla kipindi cha kwanza hakijaisha.